Kompyuta Yazimika Kwangu, kwa Shemeji Haizimiki

Mpendwa Bi Mwanatabu, shikamoo. Naomba unisaidie, na kama huna la kunisaidia basi unisome tu hadi mwisho, maana hapa nyumbani hakuna tena anayetaka kunisikiliza. Mimi ni kijana wa Kisauni, kazi yangu ni kuandika mizigo kwenye ghala moja huko Changamwe, na tangu utotoni nilitamani kuwa na kompyuta ya kuchezea gemu, si zile za kubeba mkononi, ile kubwa unayoiunda mwenyewe kifaa kwa kifaa. Nilianza kwa kununua kasha lake, likakaa sebuleni tupu karibu mwaka mzima nikitafuta vya kutia ndani, na watu wakawa wanacheka kwamba Nzai amenunua nyumba ya kuku. Ambaye hakucheka ni dada yangu Dama. Wakati huo alikuwa ameanza kuugua, hatoki, anashinda kwenye kochi akifuma vitambaa, na siku moja akalipima kasha lile kwa uzi wake akasema kompyuta yangu haitakaa uchi katika nyumba hii. Unazijua nyumba zetu, Bi Mwanatabu, televisheni ina kitambaa chake, friji ina chake, hata redio ya marehemu baba ina chake. Dama akaifumia kompyuta vazi zima jeupe, linaingia kama kanzu kutoka juu hadi chini, mbele akaacha tundu la kitufe cha kuwashia, nyuma akaacha matundu ya nyaya. Hakuiona ikiwaka. Tulimzika kabla sijapata kadi ya picha, kifaa cha mwisho kilichokuwa kimebaki.

Aliyeniundia ni Gershom, fundi wa kompyuta pale Bombolulu, ambaye alikuwa amwoe Dama, posa ilishapokelewa na sote tulishazoea kumwita shemeji. Baada ya mazishi ndiye aliyenijia akasema tuimalize ile kompyuta, Dama angetaka iishe. Tukaiunda kibandani kwake, tukaiwasha, tukacheza gemu ya mpira kutwa nzima, haikusumbua hata kidogo. Nikaileta nyumbani, mama akaivika vazi lake huku akilia, nikaketi kucheza, na hata mapumziko ya mechi sijayafikia, feni zikaanza kupiga kelele, kioo kikawa cheusi, ikazimika yote.

Tangu siku hiyo sina raha. Nimebadilisha memori, nimefuta kila kitu na kupakia upya, nimebadilisha soketi, nimenunua kile kidude cha kutuliza stima, mchungaji ameiombea, jirani akasema ni hasidi. Nikiivua na kuifungua ubavu nitazame ndani, inafanya kazi kana kwamba haijawahi kuumwa. Nikiifunga na kuivika tena nikasema leo imepona, inazimika. Nikiipeleka kibandani kwa Gershom, vazi limebaki kwa mama lisichafuke, inawaka kutwa. Sasa mtu angewaza nini? Mimi nikawaza kwamba shemeji amenitilia kadi iliyochoka, na kila ikifika kwake anaibadilisha kwa siri na ile nzima ili mimi nionekane mwongo.

Juzi akaja nyumbani mwenyewe kuitazama. Akasimama mbele yake, akanyoosha mkono akalishika pindo la lile vazi, akaniambia, "Nzai, hebu tuivue kwanza." Sijui kilinipata nini, Bi Mwanatabu, niliona kama anamvua dada yangu. Nikamwambia akikigusa kitambaa cha Dama sitamsamehe, na hapo hapo mbele ya mama nikamwita mwizi, nikasema anawaibia waliofiwa. Hakujitetea. Alimtazama mama, ambaye alikuwa amelikumbatia lile vazi pamoja na kasha lake akilia, akasema, "Basi iwe ni mimi." Akaondoka.

Sasa kompyuta iko pale imevaa, siiwashi. Mama hali chakula. Mwezi ujao tunakwenda Kaloleni kulijengea kaburi la Dama, na nimemtumia Gershom ujumbe kwamba asikanyage, hajajibu. Nimempoteza dada, nimempoteza shemeji, na hata kile kitu kimoja ambacho kingenisahaulisha kidogo kinanifia mikononi. Nataka kuivunja kwa nyundo yaishe. Nimpeleke Gershom polisi, ama niende kwa mganga? Nimekwisha, mimi.

Nzai, Kisauni

*

Marahaba, Nzai. Pole sana kwa Dama. Nimetanguliza pole kwa sababu baada ya hapa nitakugombeza.

Weka nyundo chini. Polisi usiende, kwa mganga usiende. Mimi sijui kucheza gemu na hiyo kadi ya picha sijapata kuiona, lakini nimeolewa Likoni katika nyumba ambayo hata birika la chai lina kitambaa, na kwa mikono yangu hii nimeua visimbuzi viwili vya televisheni. Nilivifunika vizuri, kwa kitambaa chenye pindo la maua, vikapata joto hadi vikafa, na fundi aliyekuja akakinyanyua kile kitambaa kwa vidole viwili akanitazama tu. Niliona haya, wallahi. Vitu hivi vinapumua, mwanangu. Hizo feni zinazopiga kelele zinatafuta hewa. Kompyuta yako haijaonewa na hasidi wala haina kadi mbovu. Imevikwa kanzu katika joto la Kisauni, kisha ikaambiwa icheze mpira.

Isome barua yako mwenyewe. Kwa Gershom iko wazi, inafanya kazi. Ukiivua utazame ndani, inafanya kazi. Ukiivika, inakufa. Yote hayo umeyaandika kwa mkono wako na hukuyaona, na kwa hilo sikulaumu, maana lile kwako si kitambaa. Lakini Dama alipima kasha tupu, Nzai. Halikuwa na moto ndani. Aliacha tundu la kidole chako, akaacha ya nyaya, la pumzi hakujua kama linahitajika, na angelijuaje? Angekuwa hai angelifumua siku hiyo hiyo huku akikucheka.

Ninalokulaumu ni jingine. Gershom ni fundi. Alipolishika lile pindo alikuwa ameshajua. Alikuwa na jambo moja tu la kusema ili atoke nyumbani kwenu akiwa msafi, kwamba kinachoiua kompyuta yako ni kazi ya mwisho ya mikono ya Dama. Akamwona mama yako amelikumbatia, akakuona wewe umemtolea macho, akaona heri aitwe mwizi. Naye pia amefiwa, ingawa hapo kwenu naona hakuna aliyekumbuka.

Sasa fanya hivi. Leo, kabla ya jambo lolote, keti na mama umweleze taratibu, halafu umwache yeye mwenyewe alivue lile vazi, asilivue mwingine. Iwashe kompyuta ikiwa wazi mbele yake, aone kwa macho yake. Isogeze mbali na ukuta, na penye matundu pasiwekwe kitu, hata kama ni kizuri namna gani. Vazi lifuliwe, likunjwe, mama akitaka alitandike juu ya kiti unachokalia au aliweke kabatini na nguo za Dama, hilo ni lake kuamua. Ikiwa kompyuta itazimika tena hata ikiwa uchi, ndipo utafute ubovu mwingine, na hapo utahitaji fundi.

Fundi unaye. Usimpigie simu wala usimtumie ujumbe, uliotuma umetosha. Nenda Bombolulu kwa miguu yako, na mama akitaka mfuatane. Usianze na habari za kompyuta. Mwambie gari la Kaloleni linaondoka siku gani, na kwamba nafasi yake ipo karibu na mama. Huenda akakataa. Mtu akishaitwa mwizi mbele ya mama mkwe ana haki ya kukataa, na ikiwa hivyo utarudi nyumbani na uchungu wako, kisha uende tena.

Alikwambia, "Basi iwe ni mimi." Nenda ukamwambie si yeye.