Kila Ijumaa Alikuwa Hai

Bertrams, Johannesburg
Tarehe 9 Mei

Kwako wifi yangu Arlène,

Amani ya Bwana iwe pamoja nanyi wote hapo Uvira. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya, na kwamba magoti ya mama mkwe yamepata nafuu tangu mlipompeleka kwa yule daktari mpya, na kwamba watoto wamerudi shule. Sisi huku tunapumua. Baridi imeanza, na chumba chetu kina dirisha lisilofunga vizuri, lakini tumeziba kwa nguo. Héritière amekua. Viatu vyangu vinamtosha, na mara nyingi nikitaka kutoka navikuta havipo mlangoni.

Nimeona nikuandikie kwa mkono kwa sababu kila ukinipigia simu na kuniuliza lile jambo, mimi nakata, halafu nasema mtandao ulikuwa mbaya. Mtandao haukuwa mbaya, wifi.

Umeniomba picha ya Ruphin ya kuweka mbele ya altare siku ya misa yake ya mwaka. Sina. Unajua mwenyewe kaka yako alivyokuwa. Tangu siku ile wenye silaha walipofika kwenu na picha ya baba yenu mkononi, wakiuliza huyu mtu analala wapi, Ruphin hakukubali tena mtu yeyote ampige picha. Hata kwenye harusi yetu alijificha nyuma ya wasimamizi wakati wa kupigwa picha. Siku ya kumzika tulichukua ile ndogo iliyokuwa kwenye karatasi yake ya ukimbizi, na ilipokuzwa ikatoka kama doa. Lakini uso wake upo mahali, na watu wengi wameuona, kuliko watu wote wa Uvira. Acha nikueleze ni wapi, upate kuelewa kwa nini sitautuma kwa mama.

Mwaka juzi, pale kwenye nyumba ya wageni ambako Ruphin alikuwa mlinzi, alifika kijana Mkorea aitwaye Seung-ho. Kazi yake ni kuchora katuni. Kwao katuni watu husoma kwenye simu, wanavuta kwa kidole kutoka juu kwenda chini, na kila wiki inatoka sehemu mpya. Alitaka kuchora mitaa ya Johannesburg lakini aliogopa kutembea peke yake, basi siku zake za mapumziko Ruphin alimsindikiza. Walizunguka Joubert Park, wakafika mpaka sokoni, na Seung-ho akarudi kila mara na simu yake na roho yake. Akazoea kuja kula kwetu. Nilimpikia sombe na ndagala, na kwa sababu hakujua kula bugali kwa mkono tulimwazimia uma kwa jirani. Pilipili ilimtoa machozi na bado akaomba aongezewe.

Baada ya kula alikuwa anamchora Ruphin kwa penseli. Nilishangaa kaka yako alivyokubali. Nilipomuuliza akaniambia kamera inakuiba mara moja, lakini mtu aliyekaa akakutazama saa nzima hawezi kukuchukia. Michoro ile niliiona kwa macho yangu. Alikuwa yeye kabisa: lile kovu juu ya nyusi, lile sikio la kushoto lililopungua ncha, na macho yake ya mtu anayekusikiliza. Kisha Seung-ho akaenda kwao, tukaagana kwa kukumbatiana.

Unajua kwamba nasuka nywele Joubert Park. Ninaye mteja mmoja, Nokwanda, mwanafunzi wa chuo, msichana mwenye adabu. Msuko anaopenda ni mdogo mdogo, unakula nusu siku, na wakati wote huo yeye husoma katuni za Kikorea kwenye simu. Siku moja nilikuwa nimesimama nyuma yake, vidole viko kwenye nywele, macho yakashuka kwenye kioo cha simu. Nikamwona mume wangu.

Wifi, ngozi haikuwa ile ya kahawia ya kwenu. Walikuwa wamempaka weusi wa makaa mpaka pua ilipotea. Midomo ilikuwa imevimba kama ya mtu aliyepigwa. Macho yalikuwa meupe matupu, bila mboni. Lakini kovu lilikuwa mahali pake, na sikio lilikuwa lile lile.

Nikamuuliza Nokwanda huyu ni nani. Akasema anaitwa Kobu, mkuu wa majambazi wa msituni, huko Afrika. Nikauliza Afrika ipi. Akacheka kidogo kwa aibu, akasema Afrika tu, ile yenye simba na moto isiyo na hata duka moja. Kobu ameteka daktari wa Kikorea, na askari mmoja, mweupe kama maziwa, anakuja kumwokoa. Nikamuuliza Kobu anasema nini. Akaniambia hasemi sana, anaunguruma. Kisha akainamisha kichwa, akaniambia kwa sauti ya chini: "Eish, mama, ndivyo wanavyotuchora. Mimi tukitokea navuta haraka, nipite." Nilipomuuliza kama hadithi yenyewe anaipenda, alisema anaipenda sana. Nikarudi kwenye nywele zake. Ningefanya nini?

Ruphin nilipomwambia alicheka. Akamwomba Nokwanda amwekee kwenye simu yake, na jioni Héritière akawa anamsomea kwa sauti, kwa kuwa Kiingereza cha mtoto ni chepesi kuliko chetu. Sehemu ya kwanza alicheka tena. Ya tatu hakucheka. Walipofika mahali Kobu anararua nyama mbichi kwa meno, alimwambia mtoto inatosha, akafunga simu. Baadaye akasema neno moja tu: "Jocelyne, sisi tulimtafutia uma."

Alimwandikia Seung-ho, naye alijibu siku hiyo hiyo. Aliomba msamaha sana. Alieleza kwamba kwanza alimchora Ruphin kama alivyo, lakini wakubwa wa kampuni wakamrudishia, wakasema hakuna msomaji atakayemwogopa mtu mwenye macho yale, na kwamba uso mweusi usipokuzwa midomo hauonekani vizuri kwenye simu. Akasema angekataa, kazi ingepewa mwingine. Ruphin akamjibu kwamba amesikia. Hakulizungumza tena. Ila niliona kitu kimoja. Alianza kuwatabasamia watu barabarani kabla hawajamtazama. Hata mtu wa mbali, ng'ambo ya roboti, zile taa za barabarani, alikuwa anamtabasamia.

Sasa nifike kwenye kifo chake. Nilikuambia waliomwua ni majambazi. Nilitaka mama apate maneno mafupi ya kubeba. Majambazi walikuwepo kweli, lakini walikuwa wameshakimbia. Ilikuwa jioni, pale kazini kwake, umeme umekatwa mtaa mzima. Ruphin mwenyewe ndiye aliyebonyeza kengele, na gari la walinzi wenye bunduki likafika. Alikimbia kuwapokea, mikono juu, tochi mkononi, ili awaonyeshe njia waliyopita wezi. Mmoja wao akapiga risasi. Ni kijana mweusi kama sisi, wifi, ana umri wa mdogo wako wa mwisho. Aliwaambia polisi aliona kitu kikubwa cheusi kinamjia. Nilipokutanishwa naye kituoni alilia kuliko mimi, nikabaki nimemtazama. Kesi bado inazungushwa.

Sisemi katuni ndiyo iliyomwua. Yule kijana labda hajawahi kusoma hata moja. Nasema tu kwamba tabasamu halionekani gizani.

Siku ya kuzika, Héritière hakulia. Wanawake wa kanisa walimbembeleza, mmoja akafikia kumfinya, hakutoa chozi. Hakukubali hata kutupa udongo. Nilidhani ni mshtuko. Wiki iliyofuata, polisi waliponirudishia simu ya Ruphin, kioo kimepasuka lakini bado inawaka, mtoto aliichukua, akakaa nayo kitandani. Ilikuwa Ijumaa. Sehemu mpya ya katuni hutoka Ijumaa. Nilimkuta anapitisha kidole juu ya lile kovu, taratibu, kama unavyompapasa mgonjwa. Akaniambia: "Mama, leo Papa amevuka mto."

Alikuwa na miaka tisa. Alijua kuchora ni kuchora. Lakini kila Ijumaa baba yake alikuwa mahali fulani, anatembea, na Ijumaa nyingine atakuwepo tena. Ndiyo maana hakulia, maana hakuona sababu.

Nilimtafuta Seung-ho, nikamwambia Ruphin amefariki, nikamwomba ile michoro ya penseli kwa ajili ya mtoto na mama mkwe. Alilia kwenye simu. Akasema michoro yote ni mali ya kampuni, alishawapa kwa mkataba, hata yeye hana ruhusa kuigusa. Kisha akaniambia jambo jingine. Hadithi ilikuwa imeshaandikwa mpaka mwisho, na Kobu angekufa kwenye sehemu itakayotoka kabla ya Pasaka. Akanisihi nimzuie mtoto asiisome. Nikamshukuru.

Wifi, hapa ndipo kalamu inanishinda. Nilijua. Ningeweza kuificha ile simu, ningeweza kuivunja, ningesema imeibwa, na nani angeshangaa katika mji huu? Sikufanya hivyo. Sikufanya kwa sababu na mimi nilikuwa naingoja Ijumaa. Nilikuwa natoka kazini mapema, nawadanganya wenzangu naenda kwenye maombi, nakuja kukaa kitandani karibu na mtoto. Nilijifunza kufunika ile midomo kwa kidole gumba, na mboni zilizokosekana kuzijaza mwenyewe kichwani, ili libaki kovu na sikio. Hapo alikuwa mume wangu. Ule uchafu niliouchukia mbele ya watu, nilikuwa naukimbilia kama mlevi. Kila wiki nilijiambia, Ijumaa ijayo nitamzuia. Na siku yenyewe ilipofika tulikaa pamoja kama kawaida, tukafungua.

Askari alichoma kibanda. Kobu alitoka mikono juu. Ndiyo, juu. Yule askari akampiga risasi, naye akaanguka kwa mngurumo, bila neno. Chini ya picha huwa wasomaji wanaandika maoni yao. Walishangilia. Wengine waliandika hatimaye, wengine waliandika safi sana, wengine waliweka vile visura vya kucheka. Héritière aliyasoma yote kwa sauti, neno kwa neno, kama alivyokuwa akimsomea baba yake. Nilimwambia aache, hakuacha. Kisha naye akaandika pale pale, kwa Kiingereza, kwamba huyo ni baba yake, jina lake ni Ruphin, na anazungumza lugha tano.

Tukangoja. Majibu yakaanza kuingia. Ni vicheko. Mmoja aliuliza kama na yeye anaishi msituni.

Aliweka simu chini, wifi, akalia. Alilia kilio chote alichokuwa anadaiwa tangu makaburini, akajitupa sakafuni, jirani akaja kugonga mlango akidhani kuna msiba. Nikamwambia ndiyo, kuna msiba. Nilipomshika mtoto alinipiga kifuani kwa ngumi zote mbili, akaniuliza kwa nini nimewaacha wamwue mara ya pili. Nilimwachia anipige. Kama unalo la kunilaumu, nilaumu, nitalipokea, maana hapa hakuna mtu mwingine wa damu yake wa kunisema.

Seung-ho aliona yale maneno ya mtoto. Ameandika mara nyingi. Anasema ameacha kazi ile, anasema hapati usingizi. Sijamjibu. Huenda moyo wake ni mzuri, nami sina nguvu ya kumfariji.

Kesho yake mtoto aliniomba twende makaburini. Tulipanda teksi mbili. Kaburi la Ruphin bado halina jina, lina kibati chenye namba, na majani yalikuwa yameshaanza kulifunika. Tuliyang'oa. Unajua watoto waliozaliwa huku, Kiswahili wanakisikia lakini ukiwasemesha wanakujibu Kiingereza. Siku ile alipiga magoti, akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjika: "Papa, ile haikuwa wewe." Akairudia mpaka akaridhika. Kisha akaniuliza kama tunaweza kwenda nyumbani.

Kwa hiyo picha hakuna, wifi, na ile iliyopo nimeifuta kwenye simu. Mzee Théodore, ambaye anarudi huko kwa basi na atakukabidhi barua hii, amebeba pia shati la Ruphin, lile alilolivua asubuhi kabla ya kuvaa sare ya kazi. Nililifunga ndani ya plastiki siku ile ile, na sijalifungua. Liwekeni kwenye kiti mbele ya altare. Msilifue. Mpe mama kwanza, peke yake, afungue mwenyewe.

Nisalimie mama mkwe, mwambie mkamwana wake anampigia magoti kutoka mbali. Nisalimie watoto wote, na majirani walioketi nanyi matanga. Héritière anawasalimu, na anauliza kama huko kwenu kuna baridi kama hii. Niombeeni, nami nawaombea.

Ni mimi wifi yako,
Jocelyne, mama Héritière