Mgeni wa Mlima Elgon

Jumanne usiku, Tongaren

Ati mlima unamkataa! Wifi yangu ametoka Nairobi kuja kuuona, na leo kutwa alikaa kwa kiti na simu mkononi akingoja mawingu yaondoke. Mimi nikiona yale mawingu, najua mahindi yangu niliyoanika yatanyeshewa.

"Wifi, kuja tukunje turubai, mvua hiyo!"

"Ngoja bana, nirekodi kwanza."

Nusu yameloa. Yakishika ukungu, nani atayanunua? Na karo je...

Jioni mlima ulijitokeza wote, toka kileleni mpaka chini. Wifi hata hakuinua kichwa. Alikuwa anaweka mtandaoni video yangu nikikimbia na karai la mahindi, ameandika: "Kivutio cha Mlima Elgon."

Watu wanauliza kiingilio ni pesa ngapi.