Uzi Mwekundu Shingoni mwa Chupa

Kwamndolwa, Korogwe
Ramadhani, mfungo wa kumi na tisa

Kwa dada yangu Shamsia,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Sindeni, wewe, shemeji na watoto, na kwamba funga haijawalemea na jua hili. Sisi huku hatujambo. Mama miguu inamsumbua kama kawaida, lakini mdomo wake hauna maradhi. Jana amenigombeza mpaka adhana ya magharibi kwa sababu ya uji usio na pilipili manga. Anakusalimu sana na anauliza mahindi yamefikia wapi.

Utajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Simu ungenikatia, dada, nakujua. Barua hata ukiikunja kwa hasira utaikunjua tena. Nimempa Muhsin wa mashine ya kusaga akuletee, na nimemwomba asiondoke mpaka uishike mkononi.

Wiki iliyopita alikuja Maryamu. Ndiyo, Maryamu mjane wa kaka yetu Sadala. Alitoka Kwaluguru alfajiri akaja moja kwa moja kibandani kwangu ninapotengenezea redio, ana kifurushi cha kitenge. Alinisalimia kwa adabu yake ile ile, wala hakuuliza kwa nini kwa miaka minne hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kumjulia hali. Alipofungua kitenge nikakiona kile kifaru cha vita cha kuchezea cha Sadala, cha kuendesha kwa rimoti, alichokuwa akikitembeza uwanjani kila Idi kikitoa moshi nyuma huku watoto wakikikimbiza. Upande mmoja bado umebabuka. Alisema mwanawe Swaumu ametimiza miaka minane, na anachokumbuka kwa baba yake ni ule moshi tu, basi ameomba auone Idi hii. Akauliza kama naweza kuutengeneza.

Nilitaka kumwambia siwezi. Nikamwambia aniachie.

Chombo cha moshi ni kitu kidogo, hakizidi kiberiti. Ndani mna utambi uliozungushiwa waya mwembamba unaopata joto, na feni ndogo ya kuusukuma moshi utokee kwenye mabomba ya nyuma. Unatia matone machache ya mafuta yake maalumu, meupe kama maji. Ukizidisha, utambi unazama na moshi hautoki. Ukisahau kutia, utambi unaungua na waya unakatika. Sadala ndiye aliyenifundisha yote haya, akinipiga kikofi kila nikikosea. Nilipokifungua nilikuta utambi umekuwa mkaa na waya umekatika vipande viwili. Niliukunja ule utambi kwenye karatasi, nikashindwa kuutupa. Mpaka leo umo kwenye mfuko wa shati langu.

Tangu hapo nikawa namwona Sadala. Sikufichi, dada. Si usiku, ni adhuhuri, jua la utosi, watu wanapita barabarani na mikungu yao ya ndizi. Anakaa kwenye kigoda chake mkabala na meza, anafuta mikono kwa kitambaa, haongei. Nikisoma Ayatul Kursiy anaondoka. Nikishika bisibisi anarudi. Utasema ni njaa ya funga, lakini daku nilikuwa nakula, tena la kushiba. Nilimwogopa ndugu yangu niliyelala naye kitanda kimoja.

Waya mpya niliutoa kwenye mashine mbovu ya kukaushia nywele ya saluni ya jirani, nikaupima, nikauzungusha kwenye utambi mpya, nikaifuta feni masizi. Jana Maryamu alirudi kukichukua. Nilipochukua chupa ili nitie mafuta, akanyoosha mkono akaiomba. Akafungua kizibo, akaisogeza puani, akanusa. Alinusa kwa muda. Kisha akanirudishia na kuniambia niendelee.

Moshi ulitoka, dada, mweupe, mzuri. Nilizima swichi nao ukaendelea kutoka kidogo, maana waya ukiwa bado na joto hufanya hivyo. Najua ndivyo ufanyavyo. Lakini nilikiachia kile kifaru, ikabidi Maryamu akidake kisianguke.

Sasa nisikilize. Siku ile ya mkesha wa Idi, Sadala hakuunguzwa na jiko la Maryamu. Ni kweli Maryamu alikuwa barazani anakaanga visheti, na ni kweli watu waliona mkaa, wakamaliza kesi hapo hapo. Lakini unakumbuka Sadala alivyofunga uzi mwekundu shingoni mwa chupa yake ya mafuta ya moshi, ili isichanganywe na nyingine. Asubuhi ile niliikuta tupu. Nikaichukua nikanunulia petroli ya pikipiki, maana sote hapa tunanunua petroli kwa chupa za maji. Iliyobaki nikairudisha rafuni na uzi wake shingoni. Sikufikiri lolote. Sadala alikuwa na mafua makali, pua imeziba, na watoto walikuwa wakimngoja. Akauamini uzi wake, akatia, akawasha swichi. Nilipofika mbio, yeye ameshapelekwa hospitali. Nikakuta kipande cha chupa kina uzi, nikakitupa chooni kabla wazee hawajafika. Kisha nikanyamaza. Nilinyamaza alipofariki, nikanyamaza siku ulipomtolea Maryamu mkeka wake nje baada ya eda, ukisema huwezi kukaa ua mmoja na aliyemchoma ndugu yako. Nilikuwa nimesimama mlangoni, dada. Nilimsaidia kufunga mizigo.

Jana nilimweleza yote. Hakushtuka. Akasema Sadala alimwambia kule wodini, siku moja kabla hajafa, kwamba kwenye chupa mlikuwa na petroli, na kwamba mimi Sabiri nisiambiwe kitu wala nisitajwe, Mama asije akapoteza watoto wawili kwa mkupuo. Akamwapisha. Yeye ameutunza wasia wa mumewe miaka minne, nasi tumemwita muuaji.

Mama nitamwambia leo baada ya futari. Ukisoma hapa atakuwa anajua. Kwako sina la kuomba kwa ajili yangu. Uamue utakavyo, hata usinizike. Ila Maryamu mko naye Handeni moja. Siku ya Idi usianzie kwangu. Pitia Kwaluguru, ubishe hodi, uje naye. Swaumu atataka mtu wa kusimama naye uwanjani, na mimi sijui kama nitaweza kuishika ile rimoti.

Msalimie shemeji na majirani wote wanaoniulizia, na wabusu watoto. Mungu aipokee funga yenu.

Ni mimi mdogo wako, mwenye chupa,

Sabiri