Hukumu ya Jelatini

Ijumaa, Doornfontein

Na swali nililipeleka mwenyewe! Hakuna aliyenituma.

Wateja wangu wa chuo wamechoka na biskuti za bangi, eti zinanuka. Siku hizi wanataka pipi za jeli, ndogo, zenye ladha ya embe. Walio Waislamu wanauliza kama jelatini yake ni ya nguruwe. Basi leo baada ya sala nikamfuata Ustadhi, nikamwambia natengeneza pipi, nikamuuliza hukumu ya jelatini. Bangi sikuitaja.

Akanijibu vizuri: ya ng'ombe aliyechinjwa kisheria haina neno. Kisha akawageukia kina mama: "Mwoneni Bi Zuhura. Hata pipi anaiulizia! Sisi wengine huku Joburg tunakula tu."

Nikainamisha kichwa. Wakadhani ni unyenyekevu.

Mkewe akadakia, "Basi dada, tupikie na watoto wa madrasa. Jumapili wanahitimisha juzuu." Nikaitika. Ningesemaje, mbele ya watu wote wale?

Nimerudi nikaisugua sufuria ninayopikia bangi mara saba, moja kwa udongo, kama chombo kilicholambwa na mbwa. Inang'aa, lakini mkono umekataa kuwapikia watoto humo.

Nikashuka spaza, kile kiduka cha mtaani, nikanunua pakiti kumi za pipi za jeli. Nitazitoa kwenye karatasi zake niseme nimepika mimi.

Sasa hivi ndiyo nimesoma nyuma ya pakiti. Jelatini. Ya mnyama gani, hawakuandika.