Kitanda cha Pili Kule Parys

Furaha wangu,

Nimerudi jana kutoka Parys, ule mji wetu mdogo wa mapumziko. Ndiyo, peke yangu, na usinune. Nafasi tuliiweka wote wawili kabla hujalazwa, na wewe ndiye uliyenisihi nisiiache ipotee.

Kwanza habari za hapa. Kiti chako cha saluni kaka yako amekichukua, na vioo pia. Matanga yako yalijaa watu. Nilikuwa jikoni siku zote tatu, namenya vitunguu. Mchungaji alipowataja wafiwa alimtaja kaka yako, wifi yako, hata jirani wa mtaa wa Bertrams. Mimi nilikuwa "yule fundi cherehani wa Troyeville, rafiki wa marehemu." Miaka tisa, Furaha! Watu walimpa kaka yako pole, mimi wakaniomba chumvi. Niliwapa. Iliniuma sana, lakini niliwapa.

Basi, Parys. Unakumbuka ulivyoipata ile nyumba ya wageni kwenye simu, katika orodha ya mahali wanapopokea wapenzi kama sisi, wanawake wawili, bila maswali? Getini wamebandika upinde wa mvua mkubwa kuliko namba ya nyumba. Na bado kila mwaka tuliomba vitanda viwili. Mimi wa Tanga, mfupi, wewe wa Bukavu, mrefu kama mlingoti, tukajiita mtu na dada yake! Asubuhi ulikuwa unanihimiza kwa Kiswahili chako cha Bukavu: "Eish, vuruga kitanda, ule mama asijue!" Nami nakunjakunja blanketi la kitanda cha pili tusichokilalia, naupigapiga mto ngumi, tunacheka mpaka chai inapoa. Hofu ya nyumbani tuliibeba mpaka huko, kwenye begi moja na miswaki.

Safari hii Mama Dineo, yule anayetandika vitanda, alinikuta barazani nimekaa tu. Akauliza, "Mwenzako yuko wapi?" Nilitaka kusema dada yangu amefariki, kama tulivyozoea kujiita. Badala yake nikasema mke wangu amefariki. Sijawahi kulitamka neno hilo mbele ya mtu, na nimelitamka kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, mbele ya mama aliyeshika ndoo.

Aliiweka ndoo chini, akaketi, akanishika mikono yote miwili, akanipa pole. Pole ya mfiwa, Furaha. Ya kwanza tangu tukuzike.

Kisha akaniambia alijua tangu mwaka ule wa kwanza. Foronya ya kitanda cha pili haikuwahi kuwa na doa la mafuta ya nywele, na wewe, msusi mzima, ulivyokuwa ukijipaka! Ile nyingine ilimtoa jasho kuifua. Alinyamaza kwa sababu aliona tunafurahi, hakutaka kutuharibia mapumziko. Nilicheka, halafu nikalia kilio chote nilichokibana jikoni kwa kaka yako. Mama Dineo hakuondoka mpaka nilipomaliza.

Nimeshaweka nafasi ya mwaka ujao. Walipouliza vitanda vingapi, nilijibu kimoja. Na kaka yako akija kuchukua ile picha yetu iliyoko ukutani, nitamwambia hii haitoki, na nitamwambia kwa nini. Nakuahidi.

Lala, mke wangu. Asubuhi sitavuruga kitu.

Wako,
Mwanaidi