Kwa Mwalimu Salvatori, Kuhusu Kikao Nilichonyamaza

Mpendwa kaka yangu, Mwalimu Salvatori,

Shikamoo. Nakujua: ungeitikia marahaba haraka haraka, kisha uulize mvua zimeanzaje huku kabla ya kuuliza habari zangu. Zimeanza vizuri. Maharage ya shamba la shule hapa Kasulo yameshatoa majani mawili mawili, na wanafunzi wa kidato cha kwanza wanabishana ni mstari wa nani ulionyooka.

Barua hii naiandika wazi, asome anayetaka. Nilikukosea mbele ya watu, na sioni haki kukuomba radhi kwa kificho.

Unakumbuka nilivyofika shuleni kwetu? Nilikuwa na sanduku moja, cheti kipya cha ualimu wa Kilimo na Biolojia, na sura ya mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake. Mimi mtoto wa Kongwa nilikulia kwenye uwele na karanga. Mgomba nilikuwa nimeuona zaidi vitabuni kuliko shambani. Wewe ulikuwa umefundisha kilimo pale peke yako kwa miaka mingi. Ulinipeleka kwenye shamba la shule, nyuma ya bweni la wavulana, ukanipa panga ukaniambia nikate jani lililokauka. Kwa woga nikakata bichi. Hukucheka. Ulisema tu, "Hilo tutafunikia ndizi. Sasa kata lile lingine."

Wiki ya sita nilikuwa nimeshaandika barua ya kuomba uhamisho. Sababu hukuuliza, lakini ulizijua zote. Ofisini waliniita bibi shamba. Vipindi vyangu vilikuwa vya kwanza kuchukuliwa palipotokea mtihani wa majaribio au mgeni. Tena kila mwanafunzi aliyechelewa mstarini alipewa jembe na kupelekwa shambani kwetu kama adhabu. Hilo la mwisho ndilo lililokuudhi kuliko yote. Siku moja ulisimama katikati ya ofisi ya walimu, kikombe cha chai mkononi, ukawaambia, "Mkimwadhibu mtoto kwa jembe asubuhi, mimi mchana nitamfundishaje kulipenda? Na asipolipenda, mwalimu wa kilimo wa kesho mtamtoa wapi?" Wengine walitabasamu. Ila muhula ule adhabu ya shamba ilisimama.

Barua yangu ya uhamisho uliiona mezani. Hukuniambia nisiende. Uliniuliza kama Jumamosi nina nafasi.

Jumamosi ile tulipanda gari pale Benaco, kwenye msururu wa malori yanayokwenda mpakani, tukashuka Nyakahura. Nilidhani unanipeleka harusini, maana ulivaa lile koti lako la kijivu. Kumbe ni darasa la kuazima, na ndani yake walimu sita wa kilimo, wengine kutoka Ngara, wengine Biharamulo. Hapakuwa na mgeni rasmi wala hotuba. Mwalimu Anastazia, aliyekuwa mkubwa wetu kwa umri, alikuja na miche ya kahawa ndani ya ndoo. Wewe ulitoa mfukoni chupa ya maji ya kunywa iliyokwisha, ukaijaza udongo na maji, ukaitikisa, ukaiweka dirishani, tukatazama mchanga ukitangulia kutuama na mfinyanzi ukibaki juu kama uji. "Maabara yangu ndiyo hii," ulisema. Kila mmoja alieleza jambo lililomshinda mwezi ule, na wenzake wakachangia.

Mwalimu Anastazia akanigeukia. "Na wewe, mwanangu, nini kimekushinda?"

Nikajibu, "Kukaa."

Alisogeza ndoo yake pembeni. Kisha akasema, "Hata mimi kulinishinda miaka miwili ya kwanza. Sogea tule." Tukala ndizi na maharage kwenye sahani za kuazima.

Tukiwa njiani kurudi uliniambia maneno ambayo nimeyarudia kwa watu wengi tangu siku ile. Ulisema mwalimu wa kilimo akiwa peke yake shuleni hudhani yeye ndiye mwenye kasoro, na kwamba ndiyo sababu mnakutana. Ile barua sikuipeleka. Niliitumia kufungia mbegu za mchicha.

Miaka iliyofuata ndiyo ninayoitamani, kaka. Mkutano wa Nyakahura kila mwezi, ukinisukuma niandike muhtasari kwa sababu mwandiko wako unasomeka na wewe tu. Mwaka ugonjwa wa mnyauko ulipoingia migombani, wewe ukawaleta wanafunzi wa kidato cha pili kwenye mkutano wa wazazi wakaonyesha jinsi ya kuvunja ua la mgomba kwa kijiti chenye panda, na jinsi ya kupitisha panga motoni kabla ya kuhamia shina jingine. Yule mzee kutoka Ntobeye, aliyekuja kwa ajili ya mjukuu wake, alisimama akauliza, "Mwarimu, watoto hawa ndio wa kutufundisha sisi migomba?" Ukamjibu kwanza kwa Kihangaza, wazazi wakacheka, halafu ukatutafsiria sisi wageni: "Nimemwambia hawatufundishi. Wametumwa na ugonjwa." Mwezi uliofuata mzee yule alirudi kuuliza kama mjukuu wake anaweza kuchagua kilimo kidato cha tatu.

Sasa nifike kwenye kikao.

Ajenda unaijua. Mkuu wa shule wa wakati ule, ambaye simlaumu peke yake, alisema walimu wa sayansi hawatoshi, wanafunzi wanaochagua kilimo ni wachache, basi somo liondolewe na mimi nihamishiwe Biolojia moja kwa moja. Ulisimama. Ulizungumza kwa utaratibu, ukaeleza kwamba ukifunga somo leo, kesho ukilihitaji hutampata wa kulifundisha, kwa sababu mwalimu wa kilimo huanzia kwenye dawati la mwanafunzi aliyefundishwa kilimo. Ukawaeleza habari za Nyakahura. Kisha ukanyoosha mkono upande wangu ukasema, "Mwalimu Yusta yupo hapa. Alikuja hataki kukaa, akakaa. Aeleze mwenyewe kilichombakiza."

Watu wote wakanitazama.

Hukujua, au pengine ulijua ukaniamini hivyo hivyo, kwamba mezani kwa mkuu wa shule palikuwa na barua yangu ya kuomba ruhusa ya kwenda kusoma, inasubiri saini. Niliangalia madaftari yaliyokuwa mapajani mwangu. Nilikuwa na maneno, yalijaa mdomoni. Nikasema, "Mimi nitafuata kikao kitakavyoamua."

Uliketi taratibu, ukafunga kalamu yako, ukaiweka mfukoni. Kikao kiliamua.

Barua yangu ilisainiwa. Muhula ulipoisha uliacha kazi. Siku ya kuondoka ulipita nyumbani kwangu, ukanikabidhi lile panga la kukatia majani na daftari la majina ya walimu wa Nyakahura. Nilikuomba uketi. Ukasema gari linasubiri. Nilitazama barabarani, sikuona gari. Ulikwenda kwa miguu hadi ulipopotea kwenye kona ya kanisa, nami sikukufuata.

Nilisoma, nikarudi, nikafundisha Biolojia. Shamba la nyuma ya bweni liliota nyasi, kisha likawa tena mahali pa adhabu. Mikutano ya Nyakahura ilififia. Wengine walihama, Mwalimu Anastazia akastaafu, na kundi letu la simu likabaki la kutangaziana misiba na kutakiana heri ya Krismasi. Jumamosi moja nilikwenda peke yangu, nikakuta darasa lile limefungwa. Nilikaa barazani mpaka saa ya gari. Sikujua ninamsubiri nani, au nilijua nikakataa kujiambia.

Ukaja mtaala mpya. Ghafla shule zikatakiwa zifundishe kilimo kwa vitendo, na kila mkuu wa shule akawa anauliza walimu wa kilimo wako wapi. Tuliitwa kwenye kikao cha wilaya. Afisa mmoja aliuliza kwa mshangao wa kweli, "Hawa watu wameishia wapi?"

Nilisimama, kaka. Nikashika kiti cha mbele yangu. Nilisema hawajaisha, tumewaacha waondoke. Nikaeleza adhabu ya jembe, vipindi vinavyochukuliwa, mwalimu mmoja kubebeshwa somo zima bila mwenzake wa kumuuliza. Nikaomba mambo mawili: shamba la shule lisiwe mahali pa adhabu, na walimu wa kilimo wa Ngara na Biharamulo waruhusiwe kukutana tena, safari zao zihesabiwe kuwa kazi. Kisha nikasema lile ambalo sikuwa nimelipanga. Nilisema somo lilipoondolewa shuleni kwetu nilikuwepo, niliulizwa mbele ya wenzangu, nami nikanyamaza kwa faida yangu.

Hawakutupa yote. La shamba walilikubali siku ile ile. La mikutano lilichukua muda na barua nyingi, lakini lilipita. Somo limerudi kwa kidato cha kwanza tu kwa sasa. Na tumeletewa mwalimu mpya, Godelieva, binti wa hapa hapa Kasulo, ambaye wazazi wake walitoka Burundi. Anajua migomba kuliko mimi, ila hajui kuandaa somo la dakika themanini bila wanafunzi kusinzia. Tunafundishana.

Mwezi uliopita tulikwenda naye shule moja ya jirani kuzungumza na kidato cha nne juu ya kusomea ualimu wa kilimo. Godelieva alizungumza vizuri. Mwishoni msichana mmoja wa nyuma alinyoosha mkono. "Mwalimu, mama yangu ananisomesha kwa kulima ili mimi nisilime. Nikimwambia nakwenda kusomea kilimo nitamwambiaje?"

Swali lile lilikuwa lako. Wewe ungelijibu kwa Kihangaza kwanza, wacheke, halafu ungetafuta neno ambalo msichana yule angeweza kulipeleka nyumbani. Mimi nilimwambia ukweli nilionao: kwamba sijui atamwambiaje, lakini akitaka nitakwenda naye. Jumapili baada ya misa nilikwenda. Mama yake alinisikiliza huku anachambua maharage, na alichosema ni kwamba atafikiri. Bado anafikiri. Nimejifunza kuheshimu hilo.

Nilisikia una duka la pembejeo Biharamulo mjini. Wiki mbili zilizopita nilipata safari huko, nikalitafuta, nikaliona. Nilisimama ng'ambo ya barabara. Ndani palikuwa na bibi mmoja amekuja kununua mbegu za mahindi, na nyuma yake watu watatu wanasubiri. Ulikuwa umetoka nje ya kaunta. Ulikuwa umeinama, unampimia kwa kidole kina cha shimo, mpaka kifundo cha pili, na ukamfanya naye apime kwa kidole chake. Akakosea. Ukampimisha tena. Waliosubiri walianza kuguna, na wewe hukuwasikia.

Nilijua ninapaswa kuvuka barabara. Sikuvuka. Nilikuwa nimejiandaa kukukuta na hasira, au umenisahau. Sikuwa nimejiandaa kukukuta vile, ukifundisha bila darasa. Nilihisi uchungu zaidi kuliko siku ulipoondoka, kwa sababu siku ile nilidhani umeachana na kazi hii, na sasa nimeona kwamba sisi ndio tulioachana na wewe.

Siandiki kukuomba urudi shule. Umeshalipa sehemu yako na zaidi. Lakini walimu wapya wa Nyakahura hawajui nani alianzisha kile wanachokuja kukila, na nimechoka kulitaja jina lako kama jina la marehemu. Njoo siku moja uwaone. Usipotaka, pia nitaelewa.

Nisamehe, kaka. Uliniuliza kilichonibakiza, na jibu nilikuwa nalo siku ile kama nilivyo nalo leo: nilibaki kwa sababu kulikuwa na mtu aliyenichukua akanipeleka kwa wenzangu. Ndicho nilichotakiwa kusema, maneno hayo tu.

Shule tukifunga nitakuja Biharamulo tena. Nitasubiri wateja waondoke, kisha nitaingia.

Mungu akulinde, wewe na nyumba yako.

Mdogo wako katika kazi,
Yusta