Matenga Manne ya Buni Mbichi

Jumatatu, 6 Mei 1912
Nimefagia baraza ya duka, nimepanga chumvi na vitambaa, na jua bado halijafika kwenye migomba. Kutoka hapa Kaisho mpaka Bukoba hakuna kijana wa kunishinda akili. Bukoba kwenyewe wapo wawili, na mmoja ni mgonjwa. Shule ya serikali nilikaa miaka miwili nikatoka. Mwalimu alikuwa ameishiwa cha kunifundisha.

Mjomba Seif, mwenye duka hili, anaondoka Jumatatu ijayo na wapagazi kwenda Buganda. Amesema nikiwa na mzigo wangu wa kahawa ya kutafuna, imepikwa, imekauka, imefungwa, nitakwenda naye kama mfanyabiashara. Nisipokuwa nao nitabaki hapa kupimia watu chumvi mpaka niote mvi.

Bibi Kokushubira, mjane wa bondeni, ameleta buni matenga manne. Amechuma na binti zake tangu alfajiri. Kijani tupu, maana ikishaiva haifai tena kutafunwa. Yeye kachuma, mimi nipike na kuuza, tugawane. Mwaka jana alimpa Kagaruki, kijana wa Kamuli. Nilimwambia Kagaruki hajui hata kuandika jina lake, atajuaje biashara? Akacheka, akanipa mimi.

Alipoondoka akasema, "Pika leo, mjukuu wangu. Buni ikishachumwa haina subira."

Wazee wanapenda kuharakisha watu. Sikupika. Mjinga huanza na moto, mwenye akili huanza na jina. Nimekata maganda makavu ya mgomba ya kufungia, nimeanza kuandika jina langu juu yake kwa wino. Herufi nzuri mno.

Jumanne, 7 Mei
Jua kali. Siku nzuri ya kuanika, kama mtu ana cha kuanika. Nimeandika maganda thelathini. La ishirini na moja niliandika Abdala kwa l mbili, nikalitupa. Sitaki kuchekwa Buganda.

Kagaruki amepita na mzigo wa kuni kichwani. Kapata buni kwa shangazi yake, matenga mawili, tayari yako chunguni. Miguu ina tope mpaka magotini. Anapika tangu jana kama mke wa mtu. Nikamwuliza kahawa yake inaitwaje. Akasema inaitwa kahawa. Mungu amenionyesha ng'ombe anayesema.

Jumatano, 8 Mei
Nilikuwa nianze leo. Lakini chungu cha Mjomba kina ufa mdogo, na kazi yangu siwezi kuitia aibu kwa chungu cha ufa. Nimekwenda kuazima. Njiani nimekutana na watu wanaotaka kusikia habari za safari yangu, ikabidi niwaeleze. Nimerudi alasiri bila chungu.

Bibi amemtuma binti yake kuuliza kama nimeanika. Nikamwambia mambo yanakwenda vizuri. Si uongo. Sikusema yanakwenda wapi.

Alhamisi, 9 Mei
Mjomba kaniuliza mbona haoni moshi. Nikamweleza kwamba biashara kubwa ina maandalizi. Akaniangalia kama anavyoangalia rupia ya bandia. Mtu wa zamani. Babu yake alitoka pwani kwa miguu, basi anadhani kila kitu ni kutembea.

Maganda mia moja yamekwisha kuandikwa. Yamepangwa vizuri. Kesho napika. Naapa.

Ijumaa, 10 Mei
Nimerudi msikitini nikafungua tenga la kwanza. Joto lilinipiga usoni kama nimefungua tanuri la mkate. Nikatia mkono. Katikati kunaungua, buni nyeusi, ina utando mweupe kama nywele za maiti. La pili hivyo hivyo. La tatu. La nne lilikuwa chini, sitalisema.

Nimechagua zilizobaki kijani. Hazikujaza kofia yangu.

Jumamosi, 11 Mei
Bibi amekuja mwenyewe. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba, akaenda moja kwa moja kwenye matenga. Alichukua buni moja, akainusa, akairudisha polepole kana kwamba ni ya mtu mwingine. Miti yake haina tena ya kijani. Zilizobaki juu zimeiva.

"Kwa nini hukupika siku ile?" akaniuliza.

Nikamwambia kuni zilikuwa mbichi. Nikamwambia chungu kina ufa. Nikaongeza mvua. Yeye na mimi tunajua haijanyesha tangu Jumapili. Hakubisha. Aliomba matenga yake tu, nikayamwaga nyuma ya nyumba, akayabeba matupu, yote manne, moja ndani ya lingine.

Nilitaka anitukane. Bibi mjinga, hajui hata kutukana.

Jumatatu, 13 Mei
Wameondoka. Mjomba mbele, wapagazi nyuma, na Kagaruki katikati na kahawa yake, imefungwa ovyo, vifurushi kama vichwa vya watoto wenye matubwitubwi. Inanukia. Lazima niseme, inanukia. Hakunicheka. Alinipa punje mbili nitafune, kama anavyopewa mgeni aliyekaribishwa nyumbani.

Nimezitafuna barazani. Hakuna mteja.

Chungu kile kina ufa juu mdomoni, hakivuji. Kuni zilikuwa kavu. Sijapata kupika buni maisha yangu. Yako majani ya porini yanayotiwa ndani ili inukie, siyajui, wala sijui yanatiwa mwanzo au maji yakishachemka. Nilimwambia Bibi najua. Kila asubuhi nilikwenda mpaka kwenye matenga, nikarudi nikashika wino. Angenionyesha kwa nusu siku. Niliona haya kumwuliza.